Kitoweo cha Bure Hakipo

Katika nyumba ya mtumishi wa serikali, awe askari wa jeshi, awe polisi, awe karani wa forodha, mshahara una siku yake ya kufika, lakini njaa haina siku. Kati ya siku ya mshahara na siku ya njaa umo mkono wa mama wa nyumbani. Mkono huo hupika, huanika, hushona, husuka, hukandika udongo, na kila jioni huweka mbele ya watu sahani ambayo mwenye nyumba huila akasema, "Leo tumepata kitoweo cha bure." Kauli hiyo husemwa kwa wema, na mara nyingi kwa shukrani. Hata hivyo ina kosa ndani yake, na kosa lenyewe halionekani mpaka mtu akae chini afanye hesabu.

Mahali pazuri pa kuifanyia hesabu hiyo ni Rusizi ya Pili. Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu, ukateremka kwa mabonde na maporomoko mpaka Ziwa Tanganyika. Katika sehemu yake ya juu ndio mpaka wa Rwanda na Kongo. Upande mmoja uko mji wa Bukavu; upande wa pili iko wilaya ya Rusizi, ambayo wenyeji wengi bado huijua kwa jina lake la zamani, Cyangugu. Vivuko vya hapo huitwa Rusizi ya Kwanza na Rusizi ya Pili, na majina hayo ni pia majina ya mitambo ya umeme iliyojengwa juu ya mto huo. Mtambo wa kwanza ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wa pili ulikamilika mwaka 1989 kwa ushirikiano wa Burundi, Rwanda na nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Nyaya za umeme hupita juu ya vilima zikaenda mbali. Chini yake, katika nyumba nyingi, chungu bado hukaa juu ya kuni na makaa.

Kiswahili kilikuwa lugha ya soko katika pwani hiyo ya ziwa muda mrefu kabla Rwanda haijakifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mke wa askari aliyehamishwa na mumewe kutoka mkoa mwingine, hata kama hajui mtu, huweza kununua chumvi na kuuliza njia kwa lugha hiyo. Lakini lugha haimpi sufuria. Uhamisho wa askari hauulizi kama jiko limekauka au kama maharagwe yamekwisha kuchambuliwa. Amri ikitoka, vitu vichache hufungwa katika mkeka, vingine huachiwa jirani, na mama huanza upya na kile anachokikuta.

Samaki Walioletwa kwa Mkono

Kile anachokikuta kwanza huko Rusizi ni sambaza. Hawa ni samaki wadogo wa fedha, jamaa wa dagaa wa Kigoma. Wengi hudhani kwamba wamekuwamo Kivu tangu zamani, lakini sivyo. Kivu lilikuwa ziwa lenye samaki haba, na sambaza hawangeweza kuyapanda maporomoko ya Rusizi kwa nguvu zao. Walichukuliwa Ziwa Tanganyika wakiwa wachanga, wakatiwa Kivu kati ya mwaka 1958 na 1960. Walishika, wakazaana, na leo hii ndio kitoweo cha maskini na tajiri pande zote mbili za mto. Kwa hiyo hata samaki huyu anayeonekana kuwa zawadi ya ziwa alifika hapo kwa jasho la watu.

Uvuvi wake nao ni kazi ya usiku. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu hushushwa katikati, taa huwashwa, na wavuvi huimba wakipiga makasia kwa pamoja. Sambaza hufuata mwanga wakapanda juu. Usiku wa mbalamwezi taa haina nguvu, kwa hiyo mavuno hupungua. Tena kila mwaka, upande wa Rwanda, uvuvi husimamishwa kwa muda wa kama miezi miwili ili samaki wazae na kukua. Mama asiyeijua kalenda hiyo hushangaa kuona bei imepanda. Anayeijua huwa amekwisha kuanika wake.

Kuanika sambaza si kuwatupa juani tu. Mpishi mwema huwaosha kwa maji ya chumvi, akawaacha wachuruzike, kisha akawatandaza juu ya uchaga ulioinuka kutoka ardhini kiasi cha kiuno cha mtu. Uchaga huo hutengenezwa kwa miti minne ya panda, fito chache, na juu yake mkeka wa mafunjo au wavu safi. Hewa hupita juu na chini, mchanga hauingii, na kuku hawafiki. Samaki hugeuzwa mara kwa mara kwa siku mbili za jua kali, na jioni huingizwa ndani umande usije ukawalowesha. Jambo moja ni lazima lisemwe waziwazi: chandarua cha mbu chenye dawa kisitumiwe kuanikia wala kufunikia chakula, hata kikiwa kimechakaa. Dawa iliyowekwa kwa ajili ya kuua mbu haina nafasi jikoni.

Siku ya kuwapika, vichwa na mchanga huondolewa, samaki husuuzwa mara tatu kwa maji ya uvuguvugu, kisha hukaangwa kavu katika kikaango mpaka harufu ibadilike. Pembeni vitunguu viwili hukatwakatwa na kukaangwa kwa mafuta kidogo ya mawese. Nyanya tatu hufuata, chumvi, na pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Sambaza huingizwa, maji kikombe kimoja, na mwishoni vijiko viwili vya karanga zilizosagwa. Moto uwe mdogo, mwiko usipite sana, samaki wasije wakavunjika. Kwa kuwa sambaza huliwa pamoja na mifupa yao, mtoto anayekua hupata pia madini ya kujenga mifupa na meno yake.

Muhogo Haukubali Haraka

Sambaza huliwa na ugali, na katika nchi hiyo ugali mara nyingi ni wa muhogo. Hapa ndipo ufundi wa kubana matumizi unapokutana na mpaka wake. Mama hodari huweza kupunguza mafuta, akapunguza kuni, akabadili nyanya kwa ndimu. Hawezi kupunguza siku za kuloweka muhogo mchungu.

Muhogo huo una sumu ndani yake. Humenywa, hulowekwa majini siku tatu au zaidi mpaka ulainike, ndipo huanikwa na kutwangwa. Pale ambapo njaa iliwalazimisha watu kufupisha kazi hiyo, na huku hawana kitoweo cha samaki wala nyama cha kusaidia mwili, uliwafikia ugonjwa uitwao konzo. Jina hilo limetoka katika lugha ya Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima akaamka miguu imekakamaa, na ulemavu huo haumtoki. Watoto na akina mama wa umri wa kuzaa ndio hushikwa zaidi. Ulizuka kwa wingi kaskazini mwa Msumbiji mwaka 1981 wakati wa ukame, na mwaka 1985 ulionekana katika wilaya ya Tarime nchini Tanzania.

Kwa hiyo mwenye unga asioujua ulikolowekwa asiupike kwa kubahatisha. Na aulowanishe kwa maji mpaka uwe kama udongo laini, autandaze juu ya sinia au mkeka kwa unene usiofika sentimita 1, auache juani kwa muda wa saa 2, au kivulini kwa muda wa saa 5, kisha aupike ugali siku hiyohiyo. Sumu huondoka kama hewa. Njia hii haina gharama ya fedha, lakini ina gharama ya muda. Kadhalika majani ya muhogo, yaani sombe: hutwangwa vizuri katika kinu, yakachemshwa kwa muda mrefu, ndipo yakatiwa mawese na karanga. Sombe iliyopikwa nusu ili kuokoa kuni haijaokoa kitu.

Jiko na Njaa ya Makaa

Mara nyingi kinachomwumiza mama wa nyumbani ni makaa kuliko chakula. Maharagwe ya siku moja yanaweza kula makaa ya siku tatu. Ndiyo maana mafundi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakihangaika na jiko kwa miaka mingi. Nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, jiko la kauri lilitokana na mfano wa jiko la ndoo la Thailand: nje bati, ndani udongo uliochomwa, kiuno chembamba. Mafundi wa kawaida wa bati ndio waliolieneza, na likafika mpaka Rwanda. Rwanda nayo ina jiko la udongo la kuni liitwalo rondereza. Jina hilo lenyewe ni somo, kwani maana yake ni kutumia kwa kiasi.

Mama asiyeweza kununua jiko la kauri huweza kulijenga lake. Huchukua ndoo ya chuma iliyotoboka, akakata mlango mdogo chini ubavuni, akapitisha vipande vya chuma katikati ili viwe wavu wa kushika makaa. Kisha huchimba udongo wa kichuguu, akauponda, akauchanganya na nyasi kavu zilizokatwakatwa na majivu kidogo, akakandika ndani kwa unene wa vidole viwili au vitatu. Jiko hilo halipelekwi juani. Huachwa kivulini juma zima au zaidi, na moto wa kwanza uwe mdogo, tena nje ya nyumba, mbali na watoto, kwa sababu rangi na madini yaliyopakwa kwenye ndoo hutoa moshi wenye madhara. Udongo ukipasuka, nyufa hujazwa tena. Jiko la namna hii si zuri wa sura, lakini hulinda joto lisipotee ubavuni.

Liko pia jambo ambalo kila askari anayelala katika chumba kimoja na jamaa yake anapaswa kulijua. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Jiko lililoingizwa chumbani usiku ili kufukuza baridi ya milimani, na mlango ukafungwa, limekwisha kuua watu wengi wakiwa usingizini. Jiko, hata likiwa dogo, mahali pake ni penye hewa.

Msaidizi wa pili wa jiko ni kikapu cha joto. Hiki ni kikapu kikubwa au sanduku, kilichojazwa majani makavu ya mgomba au vipande vya nguo kuukuu kwa unene wa upana wa kiganja, katikati pakaachwa tundu la kuingia sufuria, na juu yake mto mnene wa kufunikia. Maharagwe hulowekwa usiku kucha, maji yale yakamwagwa. Asubuhi huchemshwa katika maji mapya kwa nusu saa, yakitokota kwa nguvu. Kutokota huko kusipuuzwe, kwa sababu maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ambayo moto wa uvuguvugu hauiondoi. Kisha sufuria iliyofunikwa vizuri huingizwa kikapuni, ikafunikwa kwa mto, ikaachwa kwa muda wa saa 3 au 4 bila kuchunguliwa. Maharagwe huiva kwa joto lake yenyewe, makaa yakiwa yamezimwa na kuhifadhiwa kwa kesho. Kabla ya kuliwa huchemshwa tena kidogo pamoja na kitunguu na chumvi.

Kikapu Kilichopanda Cheo

Kikapu hakiishii jikoni. Mwaka 2008 Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na mwaka 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vinavyotumika mara moja na kutupwa. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, na Tanzania Bara mwaka 2019. Mpakani, anayeingia Rwanda na mifuko hiyo hunyang'anywa. Basi kikapu, ambacho vijana walikuwa wamekwisha kukiona kuwa kitu cha bibi zao, kikapanda cheo. Mama anayejua kusuka mafunjo au nyuzi za mgomba hupata pa kuuza. Asiyejua kusuka hushona mfuko wa mkono kwa vipande vya kitenge vilivyobaki kwa mshonaji, au hukunja karatasi na kuzigandisha kwa uji wa unga wa muhogo ili ziwe bahasha za karanga na mandazi.

Vipande hivyohivyo vya vitenge, vikiunganishwa vinne vinne na kushonewa juu ya kitambaa cha gunia lililofuliwa, huwa blanketi la mtoto. Tairi la gari lililokwisha hukatwa ndala ambazo hudumu kuliko viatu vya dukani. Kopo la maziwa huwa kipimo cha mchele. Waya na vizibo huwa gari la kijana wa miaka sita, naye huliendesha kuzunguka nyumba za askari kwa fahari ya dereva wa lori la jeshi. Nyumba yenye vitu hivi haina haja ya kuona aibu. Aibu ni ya nyumba inayokopa ili ionekane.

Hesabu ya Jioni Moja

Hata hivyo sifa peke yake haitoshi, na hapa ndipo neno "bure" linapotakiwa kusahihishwa. Mazungumzo ya namna hii hufanyika katika nyumba nyingi za askari. Mume amekula, amenawa, ameridhika.

"Mama watoto," asema, "leo umetulisha vizuri, na wala hukuniomba hela."

"Ahsante, Baba watoto. Hela sikuomba. Lakini usiseme haikutumika."

"Imetoka wapi?"

"Sambaza nimewaanika siku mbili, nikikimbia kila wingu. Muhogo nimeuloweka siku tatu na kuutwanga asubuhi. Mafuta nimenunua kwa kikapu, na kikapu nimekisuka jioni tano wakati wewe ukisikiliza redio. Jiko nimelikandika juma lile ulipokuwa zamu."

Mume hukaa kimya kidogo. "Basi ni siku nyingi kuliko sahani moja."

"Ndiyo hesabu yenyewe, Baba watoto. Sidai. Nataka ijulikane tu."

Hakuna ugomvi katika maneno hayo, wala dharau. Mke hakumnyima mumewe heshima, na mume hakupungukiwa kitu kwa kusikia. Kilichotokea ni kwamba kazi iliyokuwa imefichwa nyuma ya neno moja imetajwa kwa jina lake. Kwa maana kuna waume, tena si wachache, ambao wakiona mke anaweza kuiendesha nyumba kwa vitu vidogo, mwezi unaofuata huacha kidogo zaidi. Hujiambia, "Yule ni hodari, atapata njia." Ufundi wa mke hugeuka kuwa kisingizio cha mume. Mwezi wa tatu sahani bado imejaa, lakini mama amekwisha kuuza kitenge chake cha sikukuu. Nyumba ya namna hiyo hubaki imesimama kwa sababu mtu mmoja ndani yake anapungua polepole, na watoto ndio huwa wa kwanza kuliona.

Mpaka Ulipofungwa

Thamani ya mkono huo ilidhihirika mwaka 2020. Mwezi Machi mwaka huo, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Rwanda ilifunga mipaka yake ya nchi kavu isipokuwa kwa mizigo na kwa wananchi waliokuwa wakirudi nyumbani. Mwezi Juni wilaya ya Rusizi ikawekewa vizuizi vya kutoka na kuingia wakati sehemu nyingine za nchi zilikuwa zimeanza kufunguliwa. Akina mama waliozoea kuvuka asubuhi na mboga kichwani na kurudi jioni na unga au mafuta walikuta lango limefungwa. Kwa wengi wao biashara ya siku ndiyo iliyokuwa chakula cha siku. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikaingia mwaka 2022, lakini mkataba, hata uwe mzuri namna gani, haupiki.

Wakati kama huo nyumba yenye gunia dogo la sambaza wakavu, kikapu cha joto, na bustani ya lengalenga nyuma ya ukuta, hupata nafasi ya kuvuta pumzi. Si kwamba haitaona njaa. Ina siku kadhaa mkononi za kutafuta njia. Nyumba iliyozoea kununua kila kitu kwa kibaba cha siku haina hata siku moja. Lakini akiba hiyo haiwekwi siku lango linapofungwa. Huwekwa miezi mingi kabla, wakati kila kitu kipo na kila mtu huona kuwa kazi hiyo ni ya bure.

Kwa nini, basi, kazi hiyo iachiwe mtu mmoja? Askari ndiye mtu ambaye hastahili kutoa udhuru. Depo alifundishwa kushona kifungo chake, kufua na kupiga pasi sare yake, kung'arisha viatu, kutandika kitanda pasipo kikunjo. Zoezini porini amewasha moto mvuani, na amepika kwa mawe matatu chakula cha wenzake. Ajabu ni kwamba ufundi wote huo humtoka mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe, kana kwamba ni silaha iliyorudishwa ghalani. Mume anayeweza kuchimba handaki anaweza kuchimba udongo wa kichuguu. Anayeweza kukunja waya wa ua anaweza kutengeneza wavu wa jiko. Na kijana wa kiume anayemwona baba yake akigeuza sambaza uchagani hatakua akidhani kwamba chakula huota sahanini.

Yako mambo matatu ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya bila kungoja semina. La kwanza, siku ya mshahara, kabla fedha haijagawanywa popote, fungu la makaa na la mafuta litengwe, kwa maana hayo mawili ndiyo yanayomfanya mama kuuza vitu vyake. La pili, pawe na daftari moja la nyumba, na ndani yake kiandikwe si kile kilichonunuliwa tu bali pia kile kilichotengenezwa: uchaga, kikapu, blanketi, jiko, pamoja na siku zilizotumika. Mume na mke walisome pamoja mwisho wa mwezi. La tatu, kila mtoto, wa kike na wa kiume, afundishwe kitu kimoja cha mkono kwa mwaka, kianze kidogo na kimalizike.

Daftari la namna hiyo halitajaza chungu. Lakini mume aliyelisoma, amri ya uhamisho itakapofika, atalitazama lile jiko baya la ndoo na kujua kwamba ndani yake mna juma zima la kazi ya mkewe. Hatasema liachwe kwa kuwa ni takataka. Atalifunga vizuri kwa kamba, alipakie kwenye lori kabla ya kitanda.